Kengele Zilipolia, Nani Alimtukana?

Jioni ya Jumatatu, tarehe 20 Mei 2019, mwalimu mmoja wa historia alisimama mbele ya kaunta ya duka la muvi pale Kondele, Kisumu, akatangaza kwamba halipi hamsini yake. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka aliposimama, nimeinamia simu iliyozama kwenye beseni la nguo. Chumba kile tulikipanga wawili: upande wangu kutengeneza simu, upande wa mwenzangu kuwajazia watu flashi. Kwa hiyo kisa hiki sikuhadithiwa.

Hamsini yenyewe ilikuwa baki ya Game of Thrones, ile tamthilia ya Marekani ya wafalme na majoka wanaogombania kiti cha enzi.

Makubaliano yalikuwa hivi. Msimu wa nane, ambao ndio wa mwisho, ulikuwa na sehemu 6 tu. Mwenzangu aliwauzia wateja wake wa kudumu msimu mzima kwa shilingi mia: hamsini mbele ili anunue bando, hamsini nyuma sehemu ya sita ikishaingia. Kila Jumatatu asubuhi unaleta flashi yako, unawekewa, unaenda zako. Marekani ilionyeshwa Jumapili saa tatu usiku, saa zao za mashariki, ambayo kwetu ni Jumatatu saa kumi alfajiri. Mwenye DStv na kifurushi kizito aliamka saa hiyo akaona pamoja na dunia. Wateja wetu walingoja hadi saa moja, na kufika saa hiyo mwenzangu alikuwa na macho mekundu kama mtu aliyekesha akilinda mahindi. Kwamba ile ilikuwa biashara ya mali ya watu bila ruhusa yao, ni kweli, wala sitaipaka rangi. Naitaja kwa sababu moja: mteja wa namna hiyo akikasirika hana pengine pa kwenda. HBO, wenye tamthilia, iko New York. Duka liko Kondele, na mwenyewe amekaa ndani anakula muhogo.

Benchi

Siwezi kueleza hasira ya mwalimu kabla sijaeleza benchi. Nje ya duka, chini ya bati lililochomoza, palikuwa na benchi la mbao la kukaliwa na watu watano, sita wakiwa wanapendana. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo bidhaa mwenzangu aliyokuwa akiuza bila kujua. Flashi ungejaziwa popote, maana maduka kama yale yamejaa Kondele nzima. Lakini kwetu ungemkuta mwalimu, fundi wa nguo kutoka mlango wa pili, vijana wa boda ambao steji yao ilikuwa ng'ambo ya barabara, na karani mmoja wa sako ambaye kila siku alikuwa anapita tu, na kila siku alikaa saa nzima.

Msimu wa saba uliisha tarehe 27 Agosti 2017. Wa nane ukaanza 14 Aprili 2019. Kati yake kuna miezi karibu ishirini, na benchi halikuwa na kitu kipya cha kuona, likabaki kutunga. Waliua watu. Waliozesha watu. Kijana mmoja wa boda alishikilia kwamba Jaime atamnyonga dada yake, Malkia Cersei, kwa mkono wake mmoja uliobaki, na ushahidi wake ulichukua dakika ishirini, ambazo aliwapa abiria wote aliowapeleka Mamboleo, wawe wanajua Jaime ni nani au hawajui. Basi msimu wa nane ulipoingia Kondele ulikuta kuna misimu mingine sita au saba imeshatungwa, kila mmoja na mwenyewe, na kila mwenyewe ameshauzoea wake kama kiatu.

Baadaye, watu walipokuwa wakikasirika kila mahali, nilisikia wengine wakisema: si ni sinema tu? Anayesema hivyo hajawahi kungoja hadithi miezi ishirini. Mtu akitunga muda wote huo huwa ana shamba lake humo ndani, amelima, amepalilia, na sasa anamwona mtu mwingine anapitisha ng'ombe.

Giza, kisha kikombe

Dalili ya kwanza niliiona tarehe 29 Aprili. Sehemu ya tatu ilikuwa ya vita vya usiku dhidi ya wafu, dakika 82, vita ambavyo walivipiga picha kwa usiku 55 kule Ireland ya Kaskazini. Kufika saa saba mchana flashi nne zilikuwa zimerudishwa.

"Omera, umeniwekea giza," mmoja alisema.

Mwenzangu akafungua kwenye kompyuta yake. Giza. Akapandisha mwangaza hadi mwisho, likawa giza la kijivu. Tukadhani kopi ni mbovu, akatafuta nyingine, ikamaliza bando la wiki, na hiyo nayo giza. Siku mbili baadaye tukasikia dunia nzima inalalamika hivyo hivyo, na mpiga picha wa sehemu ile, Fabian Wagner, amejibu kwamba watu wengi hawajui kurekebisha runinga zao. Mwenzangu aliliandika jibu hilo kwa kalamu nene akalibandika ukutani. Halikumsaidia mtu aliye na runinga ya mgongo ya inchi kumi na nne, ambayo kitu pekee cha kurekebisha ni kuipiga kofi.

Wiki iliyofuata kikombe cha kahawa kikaonekana mezani katikati ya karamu ya wafalme. Wenyewe walikifuta baadaye, lakini kopi yetu ilikuwa ya alfajiri na kikombe kipo, wazi kabisa. Benchi lilicheka siku mbili. Mimi sikukipenda kicheko kile. Ukishamcheka msimulizi, unaanza kumsikiliza ukitafuta kosa la pili.

Kosa la pili, kama ni kosa, lilikuja tarehe 13 Mei.

Kwa asiyejua: Daenerys Targaryen ni binti wa mfalme aliyepinduliwa. Alikulia uhamishoni, kaka yake akamwoza kwa mkuu wa wapanda farasi ili apewe jeshi, akaangua majoka matatu, akawafungua watumwa mji baada ya mji. Watu walimpenda kiasi kwamba Marekani mamia ya wasichana waliandikishwa kwa jina la Khaleesi, ambalo ni cheo chake. Katika sehemu ya tano anafika hatimaye King's Landing, mji uliokuwa wa baba yake. Jeshi la mji limeangusha panga. Kengele zinalia kwa kusalimu amri. Yeye yuko juu ya joka, limetua ukutani, anautazama mji, anaitazama ngome ya adui yake Cersei kwa mbali, uso unabadilika. Kisha anarusha joka na kuuchoma mji mtaa kwa mtaa, akina mama na watoto, walio vichochoroni na walio mlangoni.

Siku hiyo benchi lilikuwa kimya. Fundi wa nguo alisema neno moja tu, "Aki," akarudi kwenye cherehani.

Tarehe 20 ikaja sehemu ya sita. Jon Snow, ambaye ni mpenzi wa Daenerys na pia mtoto wa kaka yake, anamchoma kisu. Joka linafika, linamwona amekufa, na badala ya kumchoma Jon linakiyeyusha kile kiti cha enzi ambacho watu wamekifia kwa miaka minane. Wakubwa wanakaa kikao mchana peupe na kumchagua Bran, kijana aliyelemaa miguu mwenye uwezo wa kuona yaliyopita, kwa hoja ya Tyrion, aliyekuwa mshauri wa Daenerys, kwamba hakuna aliye na hadithi nzuri kuliko yake. Karani wa sako alisema huko kwao kikao kama kile kingetanguliwa na chai, na kingekosa akidi.

Kesi ya kwanza: pesa za kiti

Sasa hapa kuna jambo dogo ambalo ndilo lililofungua kubwa.

Mwezi wa nne, kabla ya sehemu ya kwanza, benchi lilichanga. Shilingi ishirini kila mtu, watu kumi na saba, jumla 340, zikawekwa kwenye kopo la maziwa ya unga, na majina yakaandikwa kwenye daftari langu la simu. Swali: nani atakalia kiti? Wengi walimwandika Jon. Wanne walimwandika Daenerys, mwalimu akiwa mmoja wao. Mmoja aliandika Night King, mfalme wa wafu, na alipouawa na msichana Arya kwenye ile sehemu ya giza alidai arudishiwe pesa kwa kuwa hakuona. Bran hakuandikwa na mtu.

Fundi wa nguo alikuwa ameandika: "Hakuna."

Saa kumi na moja jioni akaja kuchukua kopo lake. Wanaume wakakataa. Walisema aliandika kwa mzaha, kwamba mshindi ni lazima awe mtu, kwamba pesa zihamie kwenye msimu mwingine ambao, bila shaka, haukuwepo. Yeye hakupandisha sauti. Alisema, "Swali lilikuwa nani atakalia kiti. Kiti kimeungua. Bran alikuja na chake." Na ni kweli, kijana yule alikuwa kwenye kiti cha magurudumu tangu msimu wa saba.

Ikabidi aitwe mwalimu aamue. Aliomba daftari, akavaa miwani, akasoma swali kama lilivyoandikwa, akauliza kama kuna aliyeona mtu yeyote akikaa kwenye kile kiti katika sehemu ya mwisho. Hakuna. Daenerys aliishia kukigusa tu. Mwalimu akaamua: fundi apewe pesa zote, yaliyotokea yametokea, na mtu asilete alichotamani mahali pa kilichokuwa. Nakumbuka maneno hayo kwa sababu yalimrudia ndani ya saa moja.

Kesi ya pili: hamsini

"Hamsini yako, Mwalimu," mwenzangu alisema alipomwona anapita na mkoba.

"Silipi."

"Flashi ilikuwa na shida?"

"Flashi haina shida. Picha safi, sauti safi. Shida ni mwisho."

"Mwisho sikuutunga mimi. Mimi ni bomba tu."

"Na bomba likitoa matope nyumbani kwako, unapanda mlimani kugombana na chemchemi?"

Mwenzangu alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, si mgomvi, na kwa kawaida mwalimu angemwambia lolote akainamisha kichwa. Lakini alikuwa hajalala wiki sita za Jumatatu. Akasema, kwa adabu yote, "Mwalimu, saa hii hii umekaa pale nje ukaamua ya fundi. Ukasema yaliyotokea yametokea. Sasa mwisho umeacha kuwa mwisho lini?"

Niliweka chini ile pasi ya risasi.

Mwalimu alinyamaza kwa muda unaotosha pikipiki mbili kupita. Kisha akasema: "Kwamba kiti kiliungua, nakubali. Nilikiona kikiungua. Kwamba yule msichana aliamua kuchoma watoto, hapo sikuona kitu. Niliarifiwa tu. Nimekulipa pesa ya hadithi, umeniletea tangazo la vifo."

Aliyekulia magharibi ya Kenya analijua tangazo la vifo. Kila jioni redio zinalisoma: jina la marehemu, mtoto wa fulani, ndugu wa fulani, mazishi Jumamosi, nyumbani mahali fulani. Kila kitu kipo isipokuwa mtu mwenyewe. Unajua amekufa na unajua wapi pa kwenda, lakini kama hukumfahamu, tangazo halitakufanya umfahamu.

Mwenzangu alijitetea vizuri kuliko nilivyotarajia. Alihesabu kwa vidole. Msimu wa kwanza kaka yake Daenerys aliuawa kwa kumiminiwa dhahabu iliyoyeyuka kichwani, na yeye akatazama bila kupepesa. Alimchoma moto mwanamke mganga akiwa hai. Mjini Meereen aliwatundika mabwana 163 kwenye miti. Msimu wa saba alimchoma Tarly mzee pamoja na mwanawe kwa kukataa kupiga magoti. Baba yake aliitwa mfalme mwendawazimu, na amri yake ya mwisho ilikuwa watu wote wachomwe. "Dalili zilikuwepo tangu mwanzo, Mwalimu. Sisi tulikuwa tunashangilia."

Hapo kwenye "tulikuwa tunashangilia" alimpata. Mimi mwenyewe nilishangilia ya Meereen.

Lakini mwalimu naye alikuwa na jibu, na ndilo ninalolishika hadi leo. Alisema katika hao wote hakuna hata mmoja ambaye hakuwa amefanya kitu. Kaka alimuuza. Mganga alimharibia mume na mimba. Mabwana wale walikuwa wamewatundika watoto wa watumwa 163 njiani kabla yake. Tarly alibeba silaha. Kila mara alikuwepo mtu, likawepo kosa, halafu moto. Safari hii kulikuwa na moto tu.

Nimezirudia sehemu zile zaidi ya mara moja tangu siku hiyo, na naona mwenzangu alishinda kuhusu dalili na mwalimu alishinda kuhusu siku. Dalili hukwambia mtu anaweza. Hazikwambii kwa nini leo, kwa nini hapa, kwa nini hawa. Sitasema Daenerys hakuwa na uchungu. Wiki mbili zile za mwisho alipoteza joka lililotunguliwa angani, rafiki yake Missandei akakatwa kichwa mbele ya macho yake, mshauri wake Varys akamsaliti, Jon akarudi nyuma alipotaka kumkumbatia. Uchungu huo unatosha kabisa kwa Cersei. Na Cersei alikuwa pale pale, dirishani, ngome inaonekana, joka lina mabawa. Kwa nini apitie mitaani? Swali hilo ndilo lililobeba tamthilia nzima mgongoni, na waliotengeneza hawakuligusa. Angalia tena: joka likisharuka kutoka ukutani, kamera hairudi usoni kwa Daenerys hata mara moja hadi sehemu ile inaisha. Tunakimbizwa chini vumbini pamoja na Arya. Ni picha nzuri sana, inatisha. Lakini aliyekuwa na jibu alikuwa juu, na sisi tumefungiwa chini.

Sababu za kiwandani zinajulikana. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu 10 kila mmoja, wa saba ukawa na 7, wa mwisho 6, jumla 73. HBO walikuwa tayari kulipia zaidi. Waongozaji wake, David Benioff na D. B. Weiss, ndio walioamua kufunga. Vitabu vya George R. R. Martin, walivyokuwa wakivifuata, navyo vilikuwa vimewaishia: cha tano kilitoka 2011, mwaka ule ule tamthilia ilipoanza, na cha sita kilikuwa hakijatoka. Martin aliwadokezea mambo makuu ya mwisho. Kwa hiyo walijua basi linafika Nairobi. Kericho, Nakuru na Naivasha walitakiwa wazitunge wenyewe, na wakaona ni bora abiria wasinzie Ahero waamke Westlands.

Ulaya na Marekani mashabiki walifanya walichoweza: zaidi ya watu milioni moja na nusu walitia sahihi ombi la mtandaoni kwamba msimu wa nane utengenezwe upya na waandishi wanaoijua kazi. Mwezi wa tisa tamthilia hiyo hiyo ikapewa tuzo 12 za Emmy, pamoja na ile ya tamthilia bora ya mwaka; ya uandishi ikaenda kwingine. Mwalimu hakutia sahihi popote. Alizuia hamsini. Nikiyapima hayo mawili, naona ya mwalimu ilikuwa na heshima zaidi, maana hakudai atungiwe mwisho mwingine. Alidai tu asitozwe kwa ule ambao hakuonyeshwa.

Mwenzangu hakubishana tena. Aliandika kwenye daftari, mbele ya jina la mwalimu, "50 – mwisho," na mwalimu akaenda. Nilimwambia kwa biashara hiyo ni ujinga, kesho watakuja wote. Walikuja wawili. Mmoja alidai arudishiwe mia nzima ilhali alikuwa hajalipa hata ile hamsini ya kwanza.

Mama wa omena

Upande wa pili wa ukuta wa mabati alikaa mama aliyeuza omena, mtu wa kando ya Kendu Bay aliyeolewa Kisumu zamani. Tamthilia ile hakuwahi kuiona hata dakika moja. Lakini bati halizuii sauti, na kwa miaka mitatu alikuwa akiisikia kutoka benchini huku akipima gorogoro, kiasi kwamba aliwajua Lannister, ukoo wa Cersei, kama unavyowajua majirani wabaya wa shemeji yako. Joka la tatu, lile lililogeuka la wafu, alilisikitikia kuliko mtu yeyote.

Jioni ile, mwalimu akishaondoka, alisogeza kichwa kwenye mlango.

"Nyathina," alimwambia mwenzangu, "nimesikia mnavyogombana. Sasa niambie. Kengele zilipolia, nani alimtukana?"

"Hakuna, Mama. Walikuwa wamesalimu amri."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Sasa Simbi mwanamke yule mzee alinyimwa chakula, akafukuzwa na mvua. Ndiyo maji yakaja. Huyu wenu alifanyiwa nini mlangoni?"

Simbi Nyaima ni ziwa dogo karibu na Kendu Bay, maji ya chumvi, duara kama sahani. Wazee wanasema kilikuwa kijiji. Siku moja ya pombe na ngoma, bibi kizee alibisha hodi akiwa na njaa, wakamkejeli na kumfukuza, isipokuwa mwanamke mmoja. Usiku kijiji kizima kikazama, wachezaji, wapishi, na watoto waliokuwa wamelala na hawakumkejeli mtu. Ukihesabu maiti, ni King's Landing. Na kutoka hapo upande wa Kano kuna Luanda Magere, shujaa wa mwili wa jiwe ambaye mkuki haumwingii, aliyeuawa kwa kuchomwa kivuli chake baada ya mke wake wa Kinandi kuigundua siri. Ni mwisho mchungu kabisa: shujaa wetu anauawa, na adui anashinda kwa hila ya mke. Sijasikia Mkano aliyetaka ubadilishwe. Maana yule mke unakuwa naye ndani ya nyumba: mume anaumwa, anamwambia achanje kivuli apake dawa, wembe unagusa kivuli, damu inatoka. Mkuki unaporushwa unajua umetokea wapi.

Mwenzangu alikuwa amechoka. Nadhani alitaka tu mama aende afunge omena zake. Akasema:

"Haya, Mama, kulikuwa na mwanamke mmoja. Kengele zilipolia watu wakatoka nje. Yeye akatoka na beseni la maji machafu. Daenerys akateremsha joka chini kidogo, anataka kuona kama watu wanamfurahia. Yule mwanamke akammwagia. Akamwambia, rudi kwenu, mgeni."

"Na wengine?"

"Wakacheka."

Mama wa omena alivuta pumzi. "Wakacheka," alisema. Akatikisa kichwa pole pole, akainua gorogoro lake. "Basi wameyataka."

Nilimtazama mwenzangu, naye akanitazama, kisha akazima kompyuta. Beseni halimo popote. Lakini nakiri kwamba usiku ule, nikiwa kwenye matatu ya kwenda nyumbani, niliuona mji ule ukiungua kwa mara ya kwanza na nikajua ni kwa nini.

Asubuhi mama alimsimulia mteja wake wa kwanza. Mteja alikuwa dada wa yule kijana wa boda, wa Jaime. Kufika saa sita beseni lilikuwa limeshavuka barabara hadi stejini, na kutoka steji ya Kondele neno hufika Nyamasaria kabla ya chakula cha mchana. Mwalimu alilisikia stafurumu, akaja mbio kusema halipo, kwamba ameirudia sehemu ile na halipo. Lakini nilimwona akiuliza mara mbili ni nani aliyeanza kucheka.

Hamsini yake aliilipa mwezi wa nane, alipokuja kujaziwa kitu kingine, bila maelezo. Mwenzangu alikata ule mstari kwenye daftari bila maelezo vilevile.

Mwishoni mwa mwaka, siku ya soko, aliingia mzee mmoja kutoka Ahero na flashi ya kijani iliyofungwa kwa uzi. Alisema amewekewa Game of Thrones yote na mtu wa huko kwao, amemaliza, ni nzuri, ila kopi yake imekatwa kwenye sehemu ya tano. Mwenzangu aliifungua. Ilikuwa nzima, dakika zote zipo.

"Hapana, kijana wangu," mzee alisema, akigonga kioo kwa kidole pale kengele zinapolia. "Hapa. Niwekee ile yenye yule mama wa beseni. Nitalipa."